Randa za Mti na Saa za Kunoa



Randa hizi za mti twazijua. Chuma cha kila moja kina umbo lake, na uso wa chini hufuata umbo hilo hilo. Inayotoa mgongo haiwezi kutoa bonde. Mashine za Nyeri, Karatina na Nanyuki hutoa urembo wa mbao upesi, lakini dirisha la zamani la mtarakwa likioza upande mmoja, tajiri hututafuta sisi, na randa ni mali yetu.

Basi mbona saa ya kunoa hailipwi? Chuma chenye bonde hakinolewi juu ya jiwe bapa. Chataka jiwe la mviringo, na taratibu. Twadai saa hiyo iandikwe. Jumamosi tunakwenda kwa tajiri. Kila fundi aje na randa yake.