Daktari wa Karema Afundishwe Wapi?



Mwaka 1889 aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kijana aitwaye Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari na kupelekwa kisiwa cha Malta. Huko Lavigerie alikuwa amefungua chuo mwaka 1881 ili vijana wa Kiafrika wafundishwe utabibu pamoja na dini, kisha watumike bara, mbali na hospitali yoyote. Atiman aliishi na kutibu watu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956.

Chuo kile hakikudumu, wala si cha kuigwa kwa kila jambo. Kuwavusha watoto bahari ili wafundishwe kutumikia Afrika ni mambo ya zama zile. Lakini swali lake bado liko mezani.

Kutoka Mpanda mjini hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100. Mama aliyeshindwa kujifungua usiku anahitaji mtu wa karibu awezaye kumpasua. Tanzania ilikwisha kulitambua hilo: tangu miaka ya 1960 matabibu waliozoea kazi walirudishwa darasani wakawa madaktari wasaidizi, nao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Hawakuwa na shahada. Wanaowabeza kwa sababu hiyo wana kasumba tu.

Basi chuo kipya cha udaktari kwa mikoa kama Katavi hakina budi kuanzia kwenye zahanati. Mwanafunzi atoke Mishamo, Inyonga au Usevya. Tangu mwaka wa kwanza akae kijijini miezi kadhaa, apime malaria, awapime uzito watoto, ajue chumba cha uzazi kinaendeshwaje umeme ukikatika. Sehemu ya mitihani iwe kwa Kiswahili, maana mgonjwa wa Ikola haelezi maumivu yake kwa Kiingereza. Hata hivyo maabara na chumba cha maiti ni lazima viwepo Mpanda. Maumbile ya mwili hayafundishwi kwa maneno matupu.

Kikwazo kikubwa ni walimu. Daktari bingwa aliyezoea Dar es Salaam hatahamia Katavi kwa kuhimizwa na hotuba. Apandishwe cheo kwa kufundisha zahanati sawasawa na apandishwavyo kwa kuandika utafiti, na nyumba yake ijengwe kabla ya ukumbi wa mihadhara.