Jiwe la Kwanza Lina Mwenyewe

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mawe.

Siku chache zilizopita nilikuwa nimekaa barazani kwa jirani yangu, watu watano hivi, tunakunywa kahawa. Yakazuka mazungumzo ya kijana aliyekamatwa mtaa wa pili, akidaiwa kuiba simu. Wananchi walimpopoa mawe, na askari walipofika walimchukua akiwa hajitambui. Mzee mmoja ninayemheshimu akatikisa kichwa akasema, "Wanangu, hata Biblia imeandika. Mwizi ni mawe." Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza, maana sikuwa na hakika. Nikarudi nyumbani, nikafungua kitabu, nikasoma mpaka usiku wa manane. Ninayowaeleza leo ndiyo niliyoyakuta.

La kwanza, Torati haikuamuru mwizi wa mali apigwe mawe. Fungueni Kutoka, sura ya 22. Aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamwuza, hulipa ng'ombe watano. Kwa kondoo hulipa wanne. Mnyama akikutwa mzima mikononi mwake, hulipa wawili. Asiye na kitu huuzwa utumwani, deni lilipwe. Mwizi akikutwa usiku anabomoa nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, damu hiyo inahesabiwa. Kwa hiyo kijana wa mtaa wa pili, aliyepigwa saa nne asubuhi, kwa Torati angelipishwa simu mbili.

Najua kuna atakayesema, "Na Akani je?" Ni kweli. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 7, Akani alipigwa mawe kwa kuchukua vazi, fedha na dhahabu kutoka Yeriko. Lakini ile haikuwa mali ya jirani. Ilikuwa nyara iliyowekwa wakfu kwa Mungu, watu wote wakakatazwa kuigusa. Na hata hivyo Akani aliulizwa, akakiri kwa kinywa chake, na vitu vikafukuliwa chini ya hema lake kabla hajaguswa.

Waliohukumiwa mawe walikuwa wengine. Aliyelitukana Jina la Mungu. Aliyeokota kuni siku ya Sabato. Aliyewashawishi wenzake kuabudu miungu mingine. Mwana mkaidi aliyepelekwa langoni kwa wazee na baba na mama yake. Msichana aliyeposwa akalala na mwanamume mwingine, na mwanamume huyo pamoja naye. Ndugu zangu, hizo ni sheria kali, wala sitaki kuzipaka asali. Lakini ziliwekewa breki, na breki hizo ndizo zilizonifanya nisilale.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inasema mtu hawezi kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Wanatakiwa wawili au watatu. Kisha inaongeza jambo ambalo wengi tunalipita haraka: mkono wa mashahidi ndio utangulie kumrusha mawe, na watu wengine wafuate. Fikirini maana yake. Wewe uliyesema "nilimwona", wewe ndiye unayeinua jiwe la kwanza, mbele ya mji mzima, jina lako likijulikana. Huwezi kupiga kelele nyuma ya watu halafu ukapotelea kichochoroni. Na ukionekana umesema uongo, sura ya 19 ya kitabu hicho hicho inaamuru utendewe yale uliyokusudia kumtendea mwenzako.

Walimu wa Kiyahudi wa baadaye walizidi kukaza breki hizo. Mafundisho yao yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Mishna, yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Wakati huo Yerusalemu ilikuwa imekwisha kubomolewa na Warumi, mwaka 70, lakini walimu waliendelea kuichambua sheria. Kesi ya kifo, wanasema, isikilizwe na waamuzi 23. Kumwachia mtu, inatosha wingi wa mmoja. Kumtia hatiani, lazima wingi wa wawili. Kumwachia kunaweza kufanyika siku ile ile. Kumhukumu kunangoja kesho yake, waamuzi wakalale na kufikiri.

Na akiisha kuhukumiwa, mtu mmoja husimama mlangoni pa baraza na kitambaa mkononi. Mbali kidogo anakaa mpanda farasi anayeweza kukiona kitambaa hicho. Mpiga mbiu hutangulia njiani akitangaza jina la mhukumiwa, kosa lake, na majina ya mashahidi, na kuuliza kama yuko mwenye neno la kumtetea. Akitokea mtu barazani akasema, "Ninalo," kitambaa kinapungwa na farasi anatimuliwa mbio kumrudisha. Mhukumiwa mwenyewe akisema anayo hoja, hurudishwa hata mara nne au tano, mradi maneno yake yana uzito.

Walibishana pia. Wapo waliosema baraza linaloua mtu mmoja katika miaka saba ni baraza la uharibifu. Mwingine akasema hata mmoja katika miaka 70. Rabi Tarfon na Rabi Akiva wakasema, kama wao wangekuwamo barazani, asingeuawa mtu kamwe. Rabi Shimon ben Gamliel akawajibu kwamba kwa namna hiyo wangewaongeza wauaji katika Israeli. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisikia barazani kwetu kila siku, na sisemi ni ya kijinga. Watu wamechoka kuibiwa. Lakini tazameni: hata Shimon ben Gamliel alikuwa anazungumza juu ya baraza, mashahidi na siku mbili za kufikiri. Hakuwa anazungumza juu ya dakika tano sokoni.

Nakiri kwamba breki nazo huchezewa. Nabothi wa Yezreeli alikataa kumwuzia Mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake. Malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wake, wazee wa mji wakatii. Watu wawili waovu wakaketishwa mbele ya Nabothi, wakasema amemtukana Mungu na mfalme. Mashahidi wawili, kama sheria ilivyotaka! Nabothi akatolewa nje ya mji, akafa kwa mawe, na Ahabu akashuka kuchukua shamba. Ikiwa baraza lenye wazee na muhuri liliweza kumwua asiye na hatia, je, kundi lisilomwuliza mtu hata jina lake?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, mwanamke aliyefumaniwa aliletwa kwa Yesu. Kisa hicho hakimo katika baadhi ya nakala za kale kabisa, lakini Wakristo wamekipokea. Torati iliwataka wazinzi wote wawili, na hapo aliletwa mmoja tu. Yesu hakuichana sheria. Aliwauliza swali ambalo sheria yenyewe iliuliza: nani anaanza? Jiwe la kwanza lilipotafutiwa mwenyewe, wakaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia.

Kwa Stefano hawakuondoka. Matendo ya Mitume, sura ya 7, inasema mashahidi waliweka nguo zao miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Sauli hakuandikwa kuwa alirusha jiwe. Alilinda nguo tu. Lakini miaka mingi baadaye, akiwa Paulo, alisimama Yerusalemu akalitaja jambo hilo mwenyewe, kama sehemu ya hatia yake.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa sokoni zikapigwa kelele za mwizi. Baba mmoja, mtu mpole tuliyemfahamu, akanikabidhi kikapu chake. "Shika hiki, mwanangu, narudi sasa hivi." Nikakishika. Aliporudi alikuwa anajifuta vumbi mikononi. Akanipa shilingi, nikanunua andazi. Mtu yule alikufa pale nyuma ya mabanda, na mpaka leo sijui aliiba nini. Ukituuliza wote tuliokuwapo siku ile, hakuna aliyemwua.

Jioni ya leo nitarudi barazani. Nitamwamkia mzee wangu kwa heshima zote, nimwonyeshe Kutoka 22, kisha nimweleze habari za kikapu. Nanyi, siku mtakaposikia zile kelele, mwiteni askari, na mkipewa koti la mtu mlishike, likataeni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.