Kwanza Tazama Maji



Mlitutuma Gazi, pwani ya Kwale, tukajifunze kazi ya mikoko. Sisi watu wa milimani tulifika na haraka ya kupanda. Lakini wiki ya kwanza tuliambiwa tutazame maji tu: yanapwa saa ngapi, yanajaa hadi wapi. Wiki ya pili tuliokota mbegu za mkoko, zile ndefu zinazochipua zikiwa bado juu ya mti. Tukazichomeka topeni tulipoona panafaa. Yalipokuja maji makubwa ya mwezi mpevu, yale wanayoita bamvua, yalizing'oa zote! Hatukuchekwa. Tuliambiwa, rudini mkatazame maji.

Wenzetu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika mpango wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Miti hiyo na matope yake huhifadhi kaboni, wanunuzi hulipa, na pesa zimesaidia kuleta maji safi kijijini na vitabu shuleni.

Basi na sisi Nyamache tujiulize. Chemchemi zetu tumezizungushia mikaratusi, mti unaokunywa maji mengi, halafu tunalalamika mtungi haujai. Mti wenyewe si mbaya. Sisi ndio tuliupanda bila kutazama maji.

Mikaratusi mingine pale chemchemini ni yetu sisi tunaosema hapa. Tutaanza kukata hiyo Alhamisi asubuhi. Njooni na mapanga.