Matembezi ya Jamaa Nzima
(Mazungumzo kwa wazazi wa Mitaboni)



Kila mwaka watoto wa shule nyingi za Ukambani huleta barua nyumbani kuomba fedha za safari. Mama huuza maharagwe au kuku, baba huongeza alichonacho, na siku ikifika mtoto hupanda basi alfajiri, amebeba chapati na mayai ya kuchemsha. Usiku hurudi na habari za simba, za mifupa ya kale, pengine na za bahari. Wazazi husikiliza. Wao waliolipa hawakuona kitu. Wako wazee katika vilima vya Iveti waliowalipia watoto na wajukuu safari za Nairobi, nao wenyewe Nairobi huijua kwa hospitali na kituo cha mabasi tu.

Mtu atasema kwamba fedha ni za mbegu na karo. Ni kweli, wala hapana mwenye akili atakayeuza mbuzi wa karo ili akamtazame twiga. Lakini akina mama ambao katika vyama vyao hununuliana sufuria na matangi ya maji kwa zamu, wajua jinsi senti ndogo zinavyokuwa kitu. Safari moja kwa mwaka, iliyowekewa akiba kwa namna hiyo, haimfilisi mtu.

Tena si lazima kwenda mbali. Kilimambogo, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967, uko karibu. Mbogo wamo kweli, si jina tu, kwa hiyo yafaa kuwauliza askari wa wanyama kabla ya kutembea kwa miguu. Hapo karibu Mto Athi huanguka katika maporomoko yaitwayo Fourteen Falls. Yapendeza kuyatazama, lakini mto huo umekwisha kupokea uchafu wa Nairobi, na mara nyingi povu huonekana juu yake. Watoto wasiyanywe maji yale, wala wasiogee.

Nairobi iko hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1946, ya kwanza katika Kenya. Simba na vifaru wapo. Ndovu hawapo, na ni vema mtoto aambiwe mapema asije akalia njia nzima. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na malipo hufanywa kwa simu, kwa hiyo habari zake ziulizwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Lakini kwa mtu wa Machakos, mahali pasipofaa kupitwa ni Makumbusho ya Taifa. Hapo huhifadhiwa mifupa ya mvulana aliyekufa kando ya Ziwa Turkana yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Aliyeiona kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkamba wa Makueni, sehemu ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos. Bwana huyo alichunga mbuzi utotoni, na masomo yake ya shule hayakuwa mengi. Mwaka 1960 alianza kazi ya kuchimba na jamaa ya Leakey huko Olduvai, Tanganyika. Mwezi wa Agosti 1984, mahali paitwapo Nariokotome, aliona kipande kidogo cha mfupa wa kichwa kati ya kokoto nyeusi, ambacho wengine wangalikikanyaga na kupita. Wenzake walipochimba, ulipatikana karibu mwili mzima. Kimeu alifariki mwaka 2022, na sifa zake zimeenea kwa wataalamu wa dunia yote. Sasa fikirini mzee aliyechunga mbuzi maisha yake yote akisimama mbele ya mifupa ile pamoja na mjukuu wake. Mwalimu aweza kumweleza mtoto miaka na majina. Lakini jinsi jicho la mchungaji linavyozoea kutambua kitu kidogo juu ya ardhi, ni babu atakayeeleza.

Na bahari? Katika karne ya kumi na tisa Wakamba walikwenda pwani kwa miguu, wamebeba pembe za ndovu, wakavuka nyika ya Tsavo yenye kiu. Tangu mwaka 2017 njia ile hupitwa na gari la moshi jipya, nalo lina vituo Athi River na Emali. Mombasa iko Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 mpaka 1698, na katika utawala wa Waingereza iligeuzwa jela. Ndani yake huonekana vitu vilivyotolewa katika meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Pwani neno moja lazima litiliwe mkazo. Mtoto wa milimani hajui kuogelea, na baba yake mara nyingi hajui pia, ingawa huona haya kukiri. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mahali alipotembea mtoto saa tatu asubuhi, maji yakimfika vifundoni, huenda saa tisa alasiri yakampita kichwa. Waulizwe wavuvi maji yatajaa saa ngapi, na mtu mzima mmoja akae akiwatazama watoto tu, asiuze macho kwingine. Mipira ya magurudumu ambayo hukodishwa ufukweni haiwezi kushika kazi ya mtu huyo.

Nyanya naye asiachwe kulinda nyumba. Jirani aweza kukamua ng'ombe siku mbili. Wengi wa bara, wakiisha kuingiza miguu baharini, hujaza chupa maji ya chumvi na kuyachukua mpaka nyumbani, ili huyo jirani naye apate kuonja.