ROBO YA NINI?

Mazungumzo na wanafunzi siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya hesabu. Asubuhi nimewasikia vijana mkilalamika kwamba sehemu mnaziweza, milinganyo mnaiweza, ila vikichanganywa ndani ya mafumbo mnashindwa. Msione haya. Mimi fumbo la namna hiyo lilinishinda kazini, na walioumia walikuwa watu wanane.

Mwaka 1991, baada ya kumaliza kidato cha nne hapa Shinyanga, nilikwenda Geita kutafuta riziki. Nikapata kazi ya ukarani kwenye duara la dhahabu upande wa Nyarugusu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mifuko ya mawe iliyotoka shimoni na kuigawa. Makubaliano yalikuwa haya: mwenye eneo achukue theluthi ya mifuko yote, mwenye duara achukue robo ya inayobaki, inayosalia wagawane wachimbaji wanane.

Siku moja niligawa upesi upesi kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Wachimbaji wakapata mifuko 20, yaani kila mmoja miwili na nusu. Usiku mvua ikaloanisha daftari langu, wino ukafutika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Asubuhi mchimbaji mmoja mzee, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akaniita.

"Kijana wangu, jana ulipokata robo ya mwenye duara, ilikuwa robo ya nini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekata robo ya mifuko yote.

"Basi tumepunjwa mingapi?"

Jumla ilikuwa imefutika, na mawe ya wakubwa yalikwisha pelekwa kupondwa. Nilichokuwa na uhakika nacho ni ile 20 tu. Nikachukua kijiti, nikaandika mchangani.

Hapa, vijana, toeni kalamu. Jumla tusiyoijua tuiite x. Kwanza tuandike jambo lilivyotendeka, maana ile 20 ilitokana na kosa langu, haikutokana na makubaliano:

x/3 + x/4 + 20 = x

Kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4 ni 12. Zidisha kila kitu kwa 12, pamoja na ile 20, maana wengi huisahau:

4x + 3x + 240 = 12x
240 = 5x
x = 48

Hakikisha: theluthi ni 16, robo ni 12, na 20 ya wachimbaji, jumla 48. Sawa.

Sasa tuyafuate makubaliano. Theluthi ikitoka, inabaki 2x/3. Robo ya hiyo ni x/6. Ukiitoa, inabaki x/2. Kumbe wachimbaji walistahili nusu kamili! Nusu ya 48 ni 24, mifuko mitatu kwa kila mtu. Nilikuwa nimewapunja mifuko minne.

Angalieni hatari nyingine. Kama ningeandika x/2 = 20, ningepata 40. Ni jibu safi, lisilo na mabaki, nalo ni la uongo. Mlinganyo hauwezi kusema kweli kuliko maneno uliyouandikia.

Mtauliza, je, mifuko ilirudi? Niliwaeleza wote kosa langu, mwenye duara akiwapo. Katika mgawo uliofuata alirudisha miwili. Miwili mingine haikurudi mpaka leo, na ukarani nikaupoteza. Ndiyo sababu nilipokuja kuwa mwalimu wa hesabu sikumruhusu mwanafunzi yeyote kuandika x kabla hajanijibu swali la yule mzee: sehemu hii ni ya nini? Ni ya yote, au ni ya iliyobaki?

Wala msidhani kwamba mambo haya yaliletwa na wazungu kuwatesa. Neno aljebra limetokana na kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kugawa mirathi. Hata maneno yetu nusu, robo na theluthi yana asili ya Kiarabu. Tangu zamani hesabu hii ni hesabu ya haki: nani apate kiasi gani.

Nawaachia fumbo moja. Dhahabu safi huhesabiwa kuwa karati 24. Kipande cha karati 18 kina gramu 15 za dhahabu halisi. Kipande kizima kina uzito gani? Msikimbilie kuzidisha. Ulizeni kwanza: gramu 15 ni sehemu gani, na ni ya nini? Ni 18/24, yaani robo tatu, ya kipande kizima. Basi 3x/4 = 15. Mengine malizeni wenyewe. Atakayepata gramu 20 aje nimpe mkono, lakini kwanza anionyeshe njia.

Wengi wenu mtakuwa makarani, wahasibu, wachimbaji na wafanyabiashara katika mkoa huu na ule wa Geita. Watu wasiojua kuandika wataziamini kalamu zenu. Msiwapunje, hata kwa bahati mbaya.