Mawe ya kamera yetu: namna ya kuyachagua na kuyafanya yadumu

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Kavimvira. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu wanaotusoma kutoka mbali.



Leo hatuzungumzii mchango wala mikopo. Tunazungumzia mawe ya kamera. Tunajua wengine watacheka: mkutano mzima juu ya mawe ya tochi? Lakini wanaokumbuka mwaka 2020 hawatacheka.

Katikati ya Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka katika njia yake na maji yakaingia mitaa mingi ya Uvira, komite ilitembea nyumba kwa nyumba kwa wanachama wetu. Tulikuwa na daftari, fishi, na ile kamera ndogo tuliyopewa, inayokula mawe mawili. Kila dosie ilidaiwa picha: mwenye nyumba amesimama mbele ya nyumba yake iliyoharibika. Asubuhi tulinunua mawe mapya kwenye kioski, bado yako ndani ya karatasi. Tukapiga picha kumi na moja. Ya kumi na mbili kamera ikalia, alama nyekundu, ikajifunga.

Aliyekuwa anangoja zamu ni mama mmoja mzee, mjane, aliyerudi kutoka Nyarugusu. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na kusimama mbele ya fremu ya mlango. Kijana wetu akasema, "Mama, apareyi imekufa." Mwingine akamjibu, "Hapana, haikufa, ni mawe njo imeisha." Tukamwambia mama, tutarudi kesho. Usiku ule ukuta uliobaki ukaanguka, na kesho yake hapakuwa tena na mlango wa kusimama mbele yake. Dosie yake ilirudishwa kwa sababu haina picha. Ilibidi majirani na wazee wa avenu waandike ushahidi na kutia sahihi, na msaada ukamfikia wenzake wakiwa wamekwisha kupokea zamani.

Hatukudanganywa na mwenye kioski. Mawe yalikuwa mazima, lakini hayakuwa mawe ya kazi ile. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Someni herufi moja tu

Mawe haya madogo, yale ya saizi ya AA, yote yanafanana kwa umbo. Lakini juu ya ganda lake kuna herufi na namba, kwa maandishi madogo. Tafuteni namba 6, halafu muangalie herufi zilizo mbele yake.

Ikiwa ni R6 peke yake, hilo ni jiwe la bei rahisi, la zinki na kaboni. Ni zuri kwa redio, kwa saa ya ukutani, kwa tochi ndogo. Redio inakunywa umeme kidogo kidogo, kama mtoto anayekunywa uji kwa kijiko. Kamera haifanyi hivyo. Inapotoa lenzi na kujaza flashi, inavuta mwingi kwa mara moja, na jiwe la R6 haliwezi. Nguvu yake inashuka ghafla na kamera inadhani limekwisha. Kumbe bado liko na umeme ndani. Mawe yetu ya siku ile, baadaye tuliyatia katika redio ya jirani, yakaimba wiki nyingi!

Ikiwa ni LR6, hilo ni la alkali. Ni afadhali zaidi, na kwa siku ya haraka linaweza kuwaokoa. Lakini hata hilo kamera inalichosha mbio, halafu mnalitupa na kununua jingine.

Ikiwa ni FR6, ni la litiamu lisilochajiwa. Ni jepesi, lina nguvu sana, na linakaa miaka mingi bila kuharibika. Bei yake ni kubwa. Jozi moja tu, imefungwa, kwa ajili ya siku ya dharura.

Ikiwa ni HR6, hilo ndilo tunalotaka. Ni jiwe la kuchaji, na kwa kawaida juu yake imeandikwa pia NiMH. Wengi wanaliogopa kwa sababu limeandikwa volti 1.2, na lile la kutupa limeandikwa 1.5. Wanasema, hili ni dhaifu. Si kweli. Lile la 1.5 linaanza juu na kushuka siku zote. Hili linakaa karibu na 1.2 mpaka mwisho, hata kamera ikivuta kwa nguvu. Na mkilitunza, linachajiwa mara mia kadhaa. Fanyeni hesabu wenyewe: hata bei yake ikiwa mara kumi ya lile la kutupa, mnakuwa mmelirudisha kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Mambo mawili kwenye soko. Moja: HR6 ya kweli huandikwa kati ya 1900 na 2500 mAh, au kupita kidogo. Mkiona 4000, mwacheni muuzaji nalo. Ganda dogo vile haliwezi kubeba umeme wote huo. Mbili: tafuteni lile lililoandikwa kwamba limechajiwa kiwandani na liko tayari kutumika. Mawe ya kuchaji ya zamani yalikuwa yanajimaliza yenyewe ndani ya sanduku; mnayachaji leo, baada ya mwezi mmoja au miwili mnakuta yamepungua sana. Tangu 2005, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipoleta Eneloop, kuna aina inayokaa mwaka mzima bila kupoteza sehemu kubwa. Kwetu sisi, ambao kamera inaweza kulala wiki sita halafu ikaitwa ghafla usiku, hiyo ndiyo inayofaa.

Kuyachaji hapa kwetu

Umeme unakuja na kwenda, tunajua. Kwa hiyo msingoje siku ya kazi. Jozi ikitoka kwenye kamera, inachajiwa siku hiyohiyo au kesho yake, kwa umeme au kwa plake ya jua. Wakati wa kutumia jua, plake ndiyo inakaa juani. Chaja na mawe vikae kivulini. Joto linaua mawe ya kuchaji kuliko kitu kingine. Chini ya mabati saa saba mchana si mahali pake, wala juu ya tanki la pikipiki.

Chaja nzuri inachaji kila jiwe peke yake na kusimama yenyewe likijaa. Chaja ya bei ndogo haisimami. Mkiwa na hiyo, soma nguvu yake. Kwa mfano, chaja ya 200 mA na jiwe la 2000 mAh ni karibu saa 14. Andikeni saa ya kuanza juu ya karatasi na kuibandika hapo, na umeme ukikatika katikati, andikeni pia.

Wengine wanasema lazima jiwe liishe kabisa ndipo lichajiwe. Hiyo ilikuwa ya mawe ya zamani ya kadimiamu. HR6 inachajiwa hata ikiwa nusu. Kulikamua mpaka mwisho ndiko kunaliharibu. Kamera ikitoa alama nyekundu, ondoeni jozi. Msizime na kuwasha mara tano kwa kutafuta picha moja ya mwisho.

Na tafadhali, lile la kutupa msilitie katika chaja. Linaweza kuvuja au kupasuka usoni. Kulianika juani kunalipa nguvu ya dakika chache tu, si ya kazi.

Kuyatunza kama mali ya chama

Mawe yanatembea kwa jozi kama ng'ombe wa plau. Tumeyatia alama kwa rangi ya kucha: jozi nyekundu, jozi nyeupe, jozi ya zambarau. Nyekundu haiolewi na nyeupe. Mkichanganya jipya na lililochoka, lile dhaifu linalazimishwa kupita mwisho wake na linakufa mbele ya siku zake.

Msiyabebe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chuma kikiunganisha ncha mbili, jiwe linapata moto na linaweza kuwachoma. Tuna kiboksi cha plastiki, kitumike.

Sisi tunakaa kando ya ziwa, na unyevu unaingia kila mahali. Kila mwezi pangusa vile vibati vya ndani ya kamera kwa kitambaa kikavu au raba ya mwanafunzi. Mkikuta unga mweupe wa jiwe la alkali lililovuja, weka siki au ndimu kidogo kwenye pamba, pangusa, kisha kausha vizuri. Kamera ikilala muda mrefu, mawe yatoke.

Katika orodha ya kamera kuna mahali pa kuiambia ni aina gani ya mawe. Ikiwa ipo, chagua NiMH, la sivyo itawadanganya kwamba yamekwisha.

Halafu kazi yenyewe. Flashi haina kazi mchana. Lenzi isiingie na kutoka bure. Na hii ni ngumu: watoto wataomba kujiona kwenye kioo. Kioo kile kinakula sana. Waambieni wataona picha zote jioni, na kweli wazioneshwe jioni hiyo.

Ndugu mmoja aliuliza: kwa nini tusitumie simu? Mnaweza. Lakini simu ni ya mtu, akihama picha za wanachama zinahama naye. Na simu ikiisha, hamna tena njia ya kuita gari kwa mgonjwa. Wenye simu, ya kwenu ni litiamu ya kuchaji: msiiache juani, na ikilala bila kazi, ilale na nusu, si ikiwa tupu.

Ombi letu

Kwa wanachama: mawe yaliyokufa yaletwe kwenye mkebe ulio mlangoni. Msiyatupe motoni, wala msiwaache watoto wayavunje wapate ule unga mweusi wa kupaka ubao wa shule. Mkebe huo hausuluhishi yote, lakini afadhali uwe mmoja, mahali tunapojua, kuliko katika kila shamba na kila kisima.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa kamera. Mkitaka kuongeza, msitutumie katoni ya mawe ya kutupa. Tutumieni HR6 nane na chaja moja yenye nafasi nne inayosimama yenyewe. Ni mzigo unaoingia katika mfuko wa koti.

Tangu tuanze utaratibu huu, kabla ya kutoka tunahesabu: jozi moja ndani, jozi moja katika kiboksi, jozi moja inachaji. Yule mama bado ni mwanachama wetu, na leo amekaa pale mbele. Picha yake tulimpiga baadaye, mbele ya nyumba mpya. Lakini alituambia, na sisi hatukuwa na jibu: "Ile ya zamani njo nilikuwa nataka."

Sasa leteni kamera, tuonyeshane mahali pa kusoma herufi.