Maji Yanayoingia na Maji Yanayotoka
(Hotuba ya mratibu wa miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Mlitutuma tukaone jinsi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi kemikali wanavyotumia vifaa mlivyochangia. Tulishinda maabara siku nzima, na tumerudi na jambo linalotuhusu sisi kuliko wao.

Sote tunaoishi kuzunguka Mlima Meru tunaijua floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano na kuingia majini. Meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa hupinda. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Njia mojawapo, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaoinasa floraidi wakati maji yanapopita.

Zoezi la wanafunzi ndilo hilo. Wanajaza mkaa kwenye bomba la plastiki lililosimamishwa, wanapitisha maji, wanapima kasi yake kwa silinda na saa. Kisha inakuja hesabu: kilichoingia ama kimetoka, ama kimebaki ndani. Lita 10 zenye miligramu 8 kwa lita zimeingiza miligramu 80. Zikitoka na miligramu 1 kwa lita, zimetoa 10. Sabini zimo kwenye mkaa.

Kundi moja lilipata floraidi nyingi ikitoka kuliko iliyoingia. Kijana akachukua kifutio. Mhadhiri akamzuia: "Iache hapo. Tafuta sababu." Walihangaika saa nzima (nasi tulikuwa tumeanza kuona njaa) hadi wakagundua kwamba kifaa cha kupimia hakikusawazishwa asubuhi kwa myeyusho ambao kiwango chake kinajulikana.

Baadaye waliendelea kupitisha maji mpaka mkaa ukashiba. Namba za maji yanayotoka zilipanda kidogo kidogo. Kwa macho, maji yalikuwa yaleyale, meupe, yasiyo na ladha.

Hapo tuliona haya. Vichujio vilivyofungwa katika sharika zetu tulivihesabu, tukavipiga picha, tukaviandika kwenye ripoti. Fedha za kupima maji miezi iliyofuata hatukuziweka kwenye bajeti. Mama mmoja alituuliza kama mkaa wake bado unafanya kazi, tukamjibu kwamba maji yake ni masafi. Tulijuaje?

Tumekubaliana na chuo kwamba wanafunzi watapima maji yetu kama sehemu ya mazoezi yao. Kwa hiyo wafadhili, safari hii hatuombi jengo. Tunaomba myeyusho wa kusawazishia, miwani ya kinga na glovu. Ni vitu vinavyokwisha kila muhula na haviwezi kubandikwa kibao cha jina la mtu.

Na kamati, kila kichujio kilete chupa mbili za plastiki, moja ya maji kabla ya kuchujwa na moja ya baada. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji yaleyale. Andikeni chanzo, tarehe, na mara ya mwisho mkaa ulipobadilishwa. Kama haujabadilishwa kamwe, andikeni hivyo hivyo. Za yule mama tutakwenda kuzichukua wenyewe.